Mvua ya Dranya na Matofali ya Constantino

Dranya, Koboko, 1991

Jumapili, 8 Septemba

“Mvua ya Dranya imefungwa. Imefungwa na matofali ya mkimbizi. Matofali yakiondoka, mvua itarudi.”

Hayo ni maneno ya Asumani, mwenyekiti wa RC, kamati ya utawala ya kijiji chetu, na mdogo wa marehemu mume wangu. Ameyasema leo mchana nje ya mashine ya kusaga, mbele ya watu wasiopungua sitini. Nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu sipendi kumjibu mtu maneno ambayo hakuyatamka.

Basi namjibu. Mvua haikukosekana Dranya peke yake. Ludara hakuna. Waliotoka jana soko la Inde, kusini ya Arua, wanasema na huko vumbi tupu. Mkimbizi huyo, Constantino, ana kalibu moja ya mbao ya kufyatulia na mikono miwili. Angeifungaje mvua mpaka kusini ya Arua? Tena matofali ni udongo na maji. Kama udongo uliolowa unafukuza mvua, kinamasi chetu chote kingekuwa jangwa. Na mwaka wa themanini, kijiji kizima kilipokuwa kimekimbilia Zaire kwa sababu ya vita na Dranya hapakuwa na mtu wa kufyatua hata tofali moja, je, mvua ilinyesha kila wiki? Asumani hajui. Hakuwapo. Mimi pia sikuwapo.

Nilimwambia yote hayo palepale. Akacheka, akawageukia watu.

“Shemeji yangu nasoma kitabu mingi sana. Shemeji, kitabu iko nasema maua ya maharagwe ya Paska naanguka sababu ya nini?”

Watu wakacheka. Paska, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake, na mkononi alikuwa na maua makavu ya maharagwe.

Jumatatu, 9 Septemba

Jua. Upepo wa mashariki, mkavu.

Niseme Constantino ni nani, maana kijijini sasa wanasema “mkimbizi” kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Ni Mkuku wa Kajo-Keji, ng'ambo ya mpaka, Sudan. Alivuka mwaka jana na mkewe Natalina, vita vilipowafikia. Lugha yake na Kikakwa chetu zinasikilizana kama watoto wa mama mmoja. Kazi yake ni matofali. Anachimba udongo karibu na kijito, katika kiwanja changu, anaukanyaga kwa miguu, anafyatua, anaanika, anafunika kwa nyasi. Sasa ana matofali mabichi elfu nne. Ameyapanga kuwa tanuri, ameacha matundu mawili ya kuni, na anasubiri yakauke mpaka ndani ndipo atie moto. Mvua kubwa ikimkuta kabla ya moto, yote yanarudi kuwa tope.

Jioni niliwasha redio. Baada ya habari, msomaji akasoma hali ya hewa: wiki hii itakuwa kavu katika maeneo yote ya kandokando ya maziwa, na mvua zinatarajiwa kurudi kuanzia Alhamisi.

Niliruka. Hii ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta! Ukame una sababu yake angani, una eneo lake, una siku yake ya kwisha. Nilichukua karatasi kubwa nikaandika kwa kalamu nene:

MATOFALI HAYAFUNGI MVUA. WIKI HII NI KAVU KWA NCHI NZIMA YA MAZIWA. MVUA ITARUDI ALHAMISI. MWENYE AKILI ASUBIRI SIKU TATU.

Kesho alfajiri naibandika kwenye mlango wa mashine, mahali pa karatasi zangu zote. Naandika Kiswahili kwa sababu hapa ndicho kinachosomeka na Mkakwa, Mlugbara, Mnubi na Mkuku, na hata anayekisema kwa kukivunja anakisikia.

Jumanne, 10 Septemba

Jua. Karatasi imesomwa. Wasiojua kusoma wamesomewa.

Jumatano, 11 Septemba

Nilipita kwa Constantino. Anatembeza kiganja juu ya matofali kama mtu anayempima mtoto homa.

“Mwalimu,” akaniuliza, kwa jina ninaloitwa na wengi kijijini, “ile karatasi nasema mvua nakuja kesho. Kweli?”

“Redio imesema.”

“Basi mimi nimekwisha. Kati bado maji. Mimi nataka jua siku nane tena.”

Nilikasirika. “Constantino, usiseme hivyo mbele ya watu.”

“Kwa nini? Kila mutu najua. Mutu wa maharagwe nataka mvua, mutu wa matofali nataka jua. Kutaka si kufunga.”

Natalina aliyekuwa akichambua majani ya kunde akadakia: “Kama kutaka ni kufunga, Kajo-Keji hakuna bunduki tena. Sisi tulitaka sana.”

Nilirudi nyumbani nikijilaumu kwa kuwa sikuitia hoja hiyo katika karatasi. Ni bora kuliko zangu zote.

Njiani Paska alinisimamisha. Tumetoka mbali mimi na Paska. Tulilima shamba moja la kukodi Zaire miaka mitano. Alizoea kuniita dada. Leo aliniita mwalimu.

“Mwalimu, Alhamisi ni kesho?”

“Ni kesho.”

“Mvua nakuja?”

Ningeweza kusema: redio imesema inatarajiwa. Nikasema: “Inakuja.”

Alhamisi, 12 Septemba

Saa moja asubuhi: mbingu nyeupe.

Saa nne: wingu moja upande wa Sudan, dogo, halina uzito.

Saa saba: limekwisha. Nimetoka nje mara kumi na nne. Nimeanza kusoma kitabu cha historia ya ukoloni wa Kongo, nimekiacha ukurasa wa pili. Nimefagia ua uliokwisha fagiwa.

Saa kumi: watu wanapita njia ya kwangu, ambayo si njia yao. Wanatazama juu, kisha wanatazama mlango wangu.

Saa kumi na mbili: jua limezama jekundu, safi. Hakuna hata tone.

Ijumaa, 13 Septemba

Asumani amekuja mwenyewe, asubuhi mapema, kabla sijanywa chai. Nilimpa kiti. Alikaa kama askari anavyokaa, mgongo haukugusa kitu.

“Shemeji, watu naongea vibaya.”

“Kuhusu Constantino.”

“Na wewe pia. Nasema mama ya vitabu alijua siku ya mvua. Sasa kama alijua siku, nani alizuia siku? Nasema Constantino alisoma karatasi yako, akakaza kamba.”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa nimeandika ili wasiamini kwamba mvua ina mwenyewe. Wao wamesoma kwamba mwenyewe ni mimi na redio yangu, na kwamba Constantino ametushinda.

“Jana jioni kamati ilikaa,” akaendelea. “Imeandikwa kwa kitabu. Constantino na bibi yake natoka Dranya mwisho wa mwezi, narudi kambi ya wakimbizi.”

“Kwa kosa gani? Asumani, wewe ulikuwa mkimbizi miaka sita! Nani alikufukuza Zaire kwa sababu ya mawingu?”

“Mimi hapana sahau.” Akainuka. Mlangoni akageuka, na safari hii hakuwa anachekesha mtu. “Shemeji, karatasi yako nasema mambo mingi. Mbona hapana sema matofali iko ya nani?”

Akaenda zake.

Nijibu hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Nusu ya matofali ni yangu. Nyumba yangu ilichomwa tulipokimbia, na tangu nirudi nalala chini ya nyasi. Nilikubaliana na Constantino: kiwanja changu na kuni zangu, kazi yake, nusu kwa nusu, kwa nusu yake ajenge chumba chake mwenyewe. Kwa hiyo mimi, mtetezi wa akili, nilikuwa nautaka ukame huu kama Constantino, na nilipomtetea nilikuwa naitetea nyumba yangu. Hilo haliifanyi hoja kuwa ya uongo. Linanifanya mimi kuwa mtu aliyeficha nusu ya jambo, na Asumani, ambaye nilimwita mjinga katika karatasi tatu mwaka huu pekee, aliliona kabla yangu.

Sitaki kukaa. Lori la muhogo linakwenda Arua saa nne. Arua yuko mtu anayepima mvua; akinipa karatasi yenye hesabu yake, kamati italazimika kuisoma. Nitalala kwa binamu yangu, nirudi kesho.

Jumamosi, 14 Septemba. Arua, asubuhi

Celestino, mpima mvua, ni mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila siku saa tatu asubuhi anakwenda kwenye chombo chake karibu na uwanja wa ndege, anatazama maji yaliyoingia, anaandika. Leo aliandika sifuri mbele yangu, kwa mwandiko mzuri sana.

Nilimweleza tangazo la redio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mama, hii tangazo nasema juu ya nani?”

“Maeneo ya kandokando ya maziwa.”

“Wewe nakaa kwa ziwa gani?”

Niliitafuta ramani kichwani. Kisha nikasema: “Ziwa Albert lipo.”

“Iko. Kutoka Albert mpaka kwako ni siku ngapi na miguu?”

“Tano. Sita.”

“Haya. Ziwa iko na upepo yake, natoka majini, narudi majini. Mawingu yetu nyingi natoka Zaire, kwa msitu. Ile Alhamisi ilikuwa Alhamisi ya watu ya ziwa. Kwao ilinyesha, nilisikia. Wewe uliazima mvua ya watu.”

Nimesoma vitabu vinavyoeleza mikondo ya bahari ambayo sitaiona maisha yangu yote. Sikufikiria kuuliza neno “maziwa” linaishia wapi. Nilisikia redio, nikasikia mji mkuu, nikasikia elimu, basi nikadhani inanihusu.

“Kwetu mvua itarudi lini?” niliuliza.

“Mimi napima ile imekwisha anguka. Ile bado, hapana jua.” Aliona uso wangu, akanionea huruma. Akafungua daftari la zamani. “Lakini angalia. Mwaka wa themanini na saba, Septemba, siku ishirini sifuri. Hii yako iko kumi na nne tu. Mwaka ule nani alichoma matofali Dranya?”

Mwaka wa themanini na saba tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi. Hatukuwa na nguvu ya kujenga hata choo. Aliniandikia yote kwenye karatasi, akatia saini. Lori linaondoka saa sita.

Jumapili, 15 Septemba

Nilichelewa.

Nilifika jana saa kumi. Tanuri halipo. Matofali yametawanywa mpaka kijitoni, mengine yamevunjwa kwa majembe, mengine yamebaki mazima lakini wazi, hayana nyasi juu. Mahali lilipokuwa tanuri kuna shimo. Constantino alikuwa amekaa kando ya shimo, miguu ndani. Kalibu yake ilikuwa imepasuliwa vipande viwili, na amevishika kimoja kila mkono.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa Natalina, aliyekuwapo toka mwanzo.

Walikuja saa tano asubuhi, kama watu arobaini, wanaume na wanawake. Wengine walikuwa na fimbo, na fimbo hazivunji matofali. Paska alikuwa mbele na jembe. Asumani alikuja akikimbia kutoka msikitini, akasimama kati yao na Constantino, akapaza sauti ile ya alipokuwa askari: “Mutu hapana gusa! Matofali tu!” Alirudia mpaka sauti ikakauka. Wakavunja matofali.

Kisha mmoja akasema dawa iko chini. Wakachimba. Jembe likagonga bati. Natalina anasema kelele zilizofuata hajawahi kuzisikia hata siku waliyokimbia Kajo-Keji. “Dawa! Dawa hiyo!” Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa nailoni na kamba ya mkonge. Hakuna aliyetaka kulishika. Asumani akalishika, akalifungua mbele yao, akatoa kimoja kimoja: kadi mbili za ukimbizi, ya mume na ya mke. Cheti cha ndoa cha kanisa. Ufunguo wa mlango.

“Nilisikia kimya,” Natalina aliniambia. “Wote walikaa kimya. Wanawake walianza kutazama chini.”

Walikaa kimya kwa sababu kila mtu mzima wa Dranya aliwahi kufukia kopo. Mwaka wa themanini, usiku wa kuamkia safari ya Zaire, kijiji hiki kilisikika majembe kila ua. Mume wangu alifukia vitabu vyangu kwenye pipa. Paska alifukia cherehani. Asumani alifukia karatasi zake za jeshi na bangili za mkewe chini ya ghala, na miaka sita baadaye akafukua bangili peke yake. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Aliyewahi kukimbia haachi karatasi ndani ya nyumba ya nyasi. Anazifukia mahali ambapo moto wake mwenyewe utaukausha udongo na mchwa hawatafika.

Asumani alishika ule ufunguo kwa muda mrefu. Kisha akasema: “Hii si dawa. Hii ni ya mutu anakimbia. Rudi nyumbani, nyote.”

Wakarudi. Lakini katika msukumano wa kuondoka kadi moja, ya Natalina, ilipotea. Bila kadi hiyo jina lake halisomwi kwenye orodha ya chakula, na askari yeyote njiani anaweza kumwuliza yeye ni nani.

Jioni nilikwenda kwa Asumani. Nilikwenda kupigana.

“Kwa nini hukuwarudisha kabla hawajagusa kitu?”

“Shemeji, wewe ulikuwa Arua. Wale arobaini, mimi iko na mdomo moja.” Alikuwa anaosha miguu, hakuinua kichwa. “Nilitoa matofali, nimebakisha mutu.”

“Wewe ndiye uliyewaambia Jumapili iliyopita kwamba matofali yanafunga mvua!”

“Ndiyo,” akasema. “Mimi.”

Nilikuwa nimebeba maneno mengi. Yote yalihitaji abishe.

Jumatatu, 16 Septemba

Jua. Constantino anakusanya mazima, anayafunika. Nimempelekea mikeka yangu. Wingu zito upande wa Zaire, limekaa.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Imeanza saa nane mchana, kutoka magharibi, imepiga mpaka jua kuzama. Mikeka haikutosha.

Jumatano, 18 Septemba

Hili ndilo nililoliogopa. Wanasema: mnaona? Matofali yamevunjwa, mvua imerudi.

Nimesimama mlango wa mashine nikawaambia jana imenyesha Ludara, imenyesha Arua, imenyesha Inde, kote ambako hakuna aliyevunja tofali. Wakaniangalia kwa upole. Walikuwa na mbegu mikononi.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua.

Ijumaa, 20 Septemba

Mvua. Simsim yangu, yaani ufuta, imesimama. Sina furaha nayo. Nimerarua karatasi nne.

Jumamosi, 21 Septemba

Paska amekuja na bakuli la majani ya maharagwe. Aliweka mezani, hakuondoka.

“Dada, mimi niligonga ile kopo,” akasema. “Jembe yangu. Ile sauti iko ndani ya mkono mpaka leo.” Akakunja na kukunjua vidole. “Cherehani yangu ililia vile vile, siku nilifukua.”

“Kadi ya Natalina iko wapi, Paska?”

“Si mimi. Lakini iko mutu. Aliokota, sasa naona haya.”

Nimeandika upya. Hii ndiyo nitakayobandika kesho, kabla kamati haijakaa. Nainakili hapa.

Jumapili, 22 Septemba

KWA ASUMANI NA KAMATI YA RC. KWA WATU AROBAINI WALIOKUJA NA MAJEMBE. KWA ALIYEOKOTA KADI.

Nilisema mvua itarudi Alhamisi. Nilikosea. Tangazo lile lilikuwa la watu wa maziwa, nami nikalitwaa kama letu. Nilificha pia kwamba nusu ya matofali ni yangu. Sasa mmejua. Nilimwita Asumani mjinga. Siku ya fimbo, mimi mwenye vitabu nilikuwa Arua na yeye alikuwa kati yenu na mtu.

Hayo yangu nimeyatoa. Sasa toeni yenu. Pamoja na karatasi hii nimebandika hesabu ya Celestino, anayepima mvua Arua: mwaka wa themanini na saba, siku ishirini bila tone, na Dranya hapakuwa na tofali hata moja. Asiyejua kusoma asomewe. Anayesema mvua imerudi kwa sababu ya majembe aje aniambie ni jembe la nani lililoipeleka Inde.

Mlichokikuta chini ya tanuri mnakijua. Mlikifukia ninyi wenyewe, kila mmoja katika ua wake, na hakuna Mzaire aliyewafukulia.

Kwa hiyo nataka hivi. Asumani, leo, mbele ya watu, ukate kwa kalamu azimio la kuwafukuza Constantino na Natalina, na uandike sababu chini yake. Neno la matofali kufunga mvua ulilitamka kwa mdomo wako nje ya mashine. Likanushe papo hapo, kwa sauti ile ile uliyowazuia nayo.

Wewe uliye na kadi, mpe Paska. Hatakutaja, nami sitamwuliza.

Na ninyi wote arobaini: Constantino amechonga kalibu mpya. Udongo umelowa vya kutosha, Mungu ametuletea maji bila kuombwa na tofali. Elfu nne mliyavunja kwa siku moja. Kuyakanyaga upya kutahitaji miguu mingi. Nusu iliyokuwa yangu sasa ni ya Constantino.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, kijitoni. Njooni bila viatu.